Programu nimeapdeti, mbona APA bado ya zamani?

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, ingia stesheneri yoyote ya Moshi iliyo jirani na chuo, au Arusha pande za Njiro na Tengeru, lazima umkute mtu kafungua laptopu pembeni ya mashine ya kopi huku analalamika kwenye simu kwamba supavaiza kamrudishia kazi, kurasa za marejeo zote zimepigwa kalamu nyekundu na juu kaandikiwa kitu kimoja tu, "APA 7", yaani toleo la 7 la mwongozo wa APA wa kupanga marejeo. Yeye anaapa APA ameweka. Programu ya kupanga marejeo anayo, tena jana usiku kaiapdeti kwa bando lake mwenyewe, sasa mbona bado inatoa mji wa mchapishaji, mbona inataja waandishi wote watano mara ya kwanza afu mbele huko ndo inaleta et al. (yaani "na wenzake")?

Ni kwamba ameapdeti kitu kingine. Watu wengi tunadhani Zotero au Mendeley au EndNote ni kitu kimoja, ukishaiweka mpya basi na kila kilichomo ndani kinakuwa kipya. Hapana. Humo ndani kuna vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinazeeka kwa mwendo wake: kuna programu yenyewe, kuna taarifa za vitabu na makala ulizokusanya (jina la mwandishi, mwaka, kichwa, DOI yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, na kadhalika), na kuna faili la staili ambalo ndo linasema hizo taarifa zipangwe vipi. Ni kama kwa fundi nguo pale Mbuyuni, cherehani ni yake, kitambaa umeleta wewe, na mshono umeuchagua kwenye picha ukutani. Akinunua cherehani mpya leo, ile picha ya mwaka 2009 haibadiliki kuwa fasheni ya sasa.

Na juu ya hivyo vitatu kuna cha nne ambacho hakimo kabisa kwenye laptopu yako, nacho ni kitabu cha mwongozo. APA ni kitabu, kinatolewa na chama cha wanasaikolojia cha Marekani. Toleo la 6 lilitoka 2009, la 7 likatoka Oktoba 2019. Chicago nayo ni kitabu, toleo la kwanza 1906, la 17 mwaka 2017, la 18 likaingia Septemba 2024. MLA, ile ya watu wa lugha na fasihi, toleo la 8 ni 2016, la 9 ni 2021. Hawa wenye vitabu wanaandika sheria kwa maneno na mifano, mamia ya kurasa, afu basi, hawakupi faili la kuweka kwenye Zotero. Lazima mtu akae asome kile kitabu akigeuze kuwa maelekezo ambayo kompyuta inaelewa. Huyo mtu ni nani? Hapo ndo penye stori yenyewe.

Kuna lugha inaitwa CSL, kirefu chake Citation Style Language. Ilianzishwa na Bruce D'Arcus, mwanajiografia wa Marekani, yaani sio hata mtu wa kompyuta kitaaluma, ni mtafiti tu aliyechoka na fujo za marejeo. Injini inayosoma hizo staili ambayo Zotero imeitegemea miaka mingi, citeproc-js, iliandikwa na Frank Bennett, mwalimu wa sheria chuo cha Nagoya kule Japani. Na mafaili ya staili yanatunzwa kwenye ghala la wazi huko GitHub, tovuti ya kutunza mafaili ya programu, na watu wa kujitolea, sasa hivi yapo zaidi ya 10,000. Zotero inachota humo, Mendeley inachota humo, na programu nyingine kibao. Kwahiyo ukiona jarida fulani limebadilisha utaratibu wake na staili haijabadilika, usidhani kuna kampuni imelala mahali, ni kwamba hajatokea mtu wa kukaa chini airekebishe. Mtu akitokea anatuma marekebisho, mashine inakagua kama faili limeandikwa sawasawa, kisha mtunzaji wa ghala analipitia kwa macho yake, akiridhika linaingia, na baada ya hapo linaanza kuwafikia watumiaji.

Zile 10,000 zisikutishe. Zenye maelekezo kamili ni sehemu ndogo, zilizobaki ni staili tegemezi, yaani faili fupi linalosema "mimi ni jarida fulani, nafuata staili ya fulani" basi, halina kingine. Ndo maana mchapishaji mwenye majarida mamia akibadilisha staili yake, inarekebishwa ile mama moja na wale watoto wote wanabadilika nayo. Na ndo maana pia ukilifungua faili la jarida lako ukakuta mistari michache tu usidhani limeharibika.

Ndani ya faili lenye maelekezo kamili mambo yako wazi kuliko watu wanavyofikiri. Staili ya APA ya sasa, sehemu ya rejea za ndani ya maandishi, ina kipengele kimeandikwa et-al-min="3" na pembeni yake et-al-use-first="1". Maana yake waandishi wakifika watatu, mtaje wa kwanza, wengine wawe et al., tena tangu mara ya kwanza unapowataja. Kwenye toleo la 6 ilikuwa waandishi watatu mpaka watano unawataja wote mara ya kwanza, ukirudia ndo unakata. Kumbe lile lalamiko la et al. pale stesheneri linaishia kwenye namba kama hizo mbili tatu. Kwenye orodha ya mwisho nako, la 6 lilikuwa linaruhusu majina saba tu, wakizidi unaandika sita, nukta tatu, na wa mwisho. La 7 linaruhusu mpaka 20. Kwa watu wa sayansi ya jamii hii haina shida, ila kwa makala za afya zenye waandishi kumi na tano kumi na sita orodha yako inanenepa kurasa kadhaa, na sio kosa la programu.

Kingine kilichobadilika ni mji. Kitabu chochote cha Mkuki na Nyota kwenye APA 6 kilikuwa kinaishia "Dar es Salaam, Tanzania: Mkuki na Nyota", kwenye 7 ni "Mkuki na Nyota" tu, mji umeondoka. Chicago 18 nayo imeshasema mji sio lazima tena, MLA walishaachana nao tangu lile toleo la 8. DOI sasa inaandikwa kama linki kamili inayoanza na https://doi.org/, yale mambo ya kuandika "doi:" mbele yamekwisha. Na ripoti ambayo mwandishi ndo huyohuyo mchapishaji, tuseme ripoti ya sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zamani sehemu ya mchapishaji ulikuwa unaandika neno Author, kitu ambacho mimi siku zote nilikiona kichekesho, sasa hivi unaacha wazi tu, jina halirudiwi.

Sasa sikiliza sehemu inayowachanganya watu zaidi. Kila staili ina jina la kuonekana na ina kitambulisho cha ndani. Ile ya APA kitambulisho chake kinaishia na neno apa, hakina namba ya toleo. Toleo la 7 lilipotoka, wale watunzaji hawakutengeneza kitambulisho kipya kwa ajili ya la 7. Walichofanya ni kubadilisha maelekezo yaliyomo ndani ya ileile apa yakawa ya toleo la 7, na la 6 wakalitengea kitambulisho chake, apa-6th-edition. Ina mantiki, kwasababu mtu anayechagua APA bila kutaja toleo kwa kawaida anataka la sasa. Lakini fikiria dokumenti ya Word iliyoanzwa 2018. Ndani yake Zotero imehifadhi kile kitambulisho, haikuhifadhi sheria zenyewe. Siku staili inajiapdeti na wewe ukarifreshi, tasnifu nzima inahamia toleo la 7 bila kukuuliza, mji unapotea kila mahali, majina yanakatwa, na supavaiza ambaye mwongozo wa chuo chake bado unasema toleo la 6 anadhani umeanza kucheza.

Kwahiyo kuna watu wa aina mbili wanaolia kwa sababu zilizo kinyume kabisa. Mmoja staili yake imegoma kubadilika, mwingine imebadilika hajaiomba.

Kwa upande wa huyo wa kwanza inategemea anatumia nini. Zotero yenyewe inachungulia karibu kila siku kama kuna staili mpya, bora tu uwe hujaizima kwenye setingi. Na wengi huku wameizima, mtu anazima kila kinachoitwa apdeti ili bando lisiishe, wakati faili la staili ni maandishi matupu, dogo kuliko kile kivideo cha sekunde kumi ulichotumiwa WhatsApp asubuhi. Washa, afu bonyeza pale pa kuapdeti sasa hivi, imeisha. Mendeley hii mpya inachukua staili mtandaoni pale unapoichagua. Ile Mendeley Desktop ya zamani walisitisha kuidaunlodisha Septemba 2022, ukimkuta mtu bado anayo mshauri ahame taratibu, asisubiri wiki ya kukabidhi.

EndNote ni familia nyingine kabisa. Haitumii CSL, ina mafaili yake ya .ens yanayokuja pamoja na programu siku unayoiinstoli, na ukitaka jipya unalidaunlodi kwenye tovuti yao unaliweka kwenye folda la staili kwa mkono wako. Na tuseme ukweli, EndNote nyingi zinazozunguka kwenye fleshi huku kwetu ni X7 au X9. X7 ni ya 2013, X9 ni ya 2018. Zote zilitoka kabla ya Oktoba 2019, sasa APA 7 zingeitoa wapi? Mtu anahangaika siku nzima kuinstoli upya toleo lilelile akitegemea muujiza.

Halafu kuna Word yenyewe, kile kitufe cha marejeo kilichomo humohumo. Kwenye Word nyingi utakazofungua mjini hapa, orodha ya staili inakuonyesha APA Sixth Edition, MLA Seventh Edition, Chicago Fifteenth Edition. Chicago ya 15 ni ya mwaka 2003! Kwa barua ya ofisini sawa, kwa tasnifu mimi nisingeigusa. Angalau lakini Word inaandika namba ya toleo waziwazi, huyo aliyepigwa kalamu nyekundu angeisoma pale asingelia.

Harvard sasa. Hii naomba tuikalie kidogo kwasababu hapa ndo watu wanapoteza muda mwingi kuliko kwote. APA ina mwenyewe, Chicago ina mwenyewe, Vancouver ilitokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana mji wa Vancouver, Canada, mwaka 1978, na mpaka leo ukitaka kujua unaandika majina mangapi kuna mahali pa kuangalia (ni sita, wakizidi unaweka et al.). Harvard haina mwenyewe. Asili yake wanaipeleka kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama pale chuo cha Harvard, ambaye mwaka 1881 kwenye andiko lake kuhusu konokono asiye na gamba aliweka mwaka kwenye mabano badala ya kujaza maelezo chini ya ukurasa, na mtindo ukasambaa. Chuo cha Harvard hakijawahi kutoa kitabu kikasema hii ndo staili yetu. Matokeo yake kila chuo duniani kina Harvard yake, koma huku, nukta kule, mwaka ndani ya mabano au nje. Ukitafuta neno Harvard kwenye lile ghala utapata orodha ndefu, nyingi zina jina la chuo fulani cha Uingereza au Australia pembeni. Supavaiza akikwambia "tumia Harvard" akaishia hapo, hajakuambia kitu. Muulize kwa heshima, "Mwalimu, Harvard ya mwongozo upi?" Wengi watakuonyesha kijitabu cha chuo chenye mifano, na ile mifano ndo sheria yako.

Kwenye hivyo vijitabu ndo inazaliwa staili ya chuo. Kaka mmoja mjanja anachukua Harvard ya mahali, anaifungua kwenye kihariri cha CSL kilichopo mtandaoni, anabadilisha koma na mabano mpaka inafanana na kijitabu, anairusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na kuanzia hapo inarithiwa darasa baada ya darasa. Binafsi nawapenda sana watu wa hivi. Ila kuna mtego. Kama alibadilisha yaliyomo na kile kitambulisho cha ndani akakiacha kilekile cha staili ya mwanzo, siku Zotero inapojiapdeti italeta ile ya asili na kuifunika ya kwake, kazi yote inayeyuka, na darasa zima linaamka asubuhi na Harvard ya chuo cha Uingereza. Dawa ni kubadilisha vyote viwili, jina na kitambulisho, ndani ya faili. Akishafanya hivyo lakini ajue amejitenga, hakuna apdeti itakayokuja tena kutoka popote, chuo kikibadilisha kijitabu lazima mtu mwingine mjanja apatikane. Kama staili ni nzuri na chuo kinaitambua, kwa maoni yangu bora itumwe kule ghalani iingie rasmi, inapokelewa bure, na mwanafunzi wa mwaka 2030 ataipata bila kumtafuta kaka aliyemaliza zamani.

Hapo unaona kwanini mimi neno "ya kisasa" silipendi sana kwenye hili jambo. Staili sahihi ni ile iliyotajwa na anayekupa maksi au anayechapisha makala yako, hata kama ni toleo la nyuma. Chuo kikisema APA 6, chagua ile iliyoandikwa 6th edition kwa jina, usichague APA tupu. Chicago nayo hivyohivyo, tangu la 18 litoke angalia namba kwanza kabla hujachagua. Mtu wa teolojia au historia anayetumia Turabian, ule mwongozo wa wanaoandika tasnifu, toleo la 9, ile ya 2018, ajue imejengwa juu ya Chicago 17, kwahiyo asihangaike kuifananisha na 18.

Afu kuna makosa ambayo staili inasingiziwa tu. Orodha inatoka na "Afya, W. ya" mtu anasema APA imeharibika. Haijaharibika, uliandika Wizara ya Afya kwenye visanduku viwili vya jina, programu ikaona Afya ndo jina la ukoo kama ilivyoelekezwa. Weka kwenye kisanduku kimoja. Vichwa vya makala kuwa na herufi kubwa kila neno, hilo nalo ni la taarifa zako. APA inataka herufi kubwa mwanzoni, baada ya nukta pacha (:) na kwenye majina kama Kilimanjaro tu, na Zotero inatoa kichwa kama ulivyokihifadhi, kwasababu mashine haijui kwa uhakika neno lipi ni jina la mlima na lipi ni neno la kawaida. Pia kuna vitu vilikuwa havina mahali pa kukaa, mfano aina ya preprint (makala iliyowekwa mtandaoni kabla ya jarida kuipitia) Zotero iliileta kwenye toleo la 6 mwaka 2022, ukiwa na ya nyuma ya hapo hata staili iwe mpya kiasi gani haitasaidia, hapo ndo kweli unaapdeti programu. Na pambizo, fonti, namba za kurasa, hayo staili haiyagusi kabisa, ni kazi yako na Word.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili wasijione wametengwa, maneno kama et al. na and yanaweza kubadilishwa ndani ya faili la staili yakawa "na wenzake" na "na", ni mistari michache tu, na hapo tena kumbuka lile la kitambulisho.

Ukishafika mwisho, kazi imekubaliwa, imebaki kwenda kujalidi, tengeneza kopi ya dokumenti uipe jina tofauti, kwenye hiyo kopi bonyeza Unlink Citations ya Zotero ili marejeo yawe maandishi ya kawaida yasiyosikiliza tena programu wala apdeti, na hiyo ndo umpelekee mangi wa stesheneri kwenye fleshi. Ile yenye uhai bakia nayo, kwasababu jarida litakapokuambia makala yako wanaitaka kwa Vancouver utabadilisha staili mara moja na namba zitajipanga zenyewe, wakati kwenye ile kopi ungeanza kuandika upya moja baada ya nyingine.